Jina Moja kwenye Fomu

Meneja alinisukumia kalamu yake juu ya meza, akaniambia niandike jina moja tu. Nilipaswa kumrudishia. Ningesema, "Bwana meneja, kazi hii tumeifanya watu wawili," na labda angekunja uso kidogo, kisha angesema haya basi, andika yote mawili. Hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye sikumpa nafasi ya kuwa mwema. Nilichukua kalamu, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, na pale palipoulizwa cheo nikajaza: mhandisi kiongozi, umeme na ulinzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, katika kiwanda cha majani chai kilichokuwa kati ya Kericho mjini na Sigowet. Jina la kiwanda naliacha. Nitaeleza yaliyotangulia siku ile, maana mengi yalikuwa ya furaha, na sioni haki majuto yangu yakifunika vicheko tulivyocheka.

Sikufika chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kiwandani nikiwa mbeba waya, nikafanya mitihani ya ufundi mmoja baada ya mwingine, hadi nikajikuta mimi ndiye mkubwa wa kitengo. Kazi ilikuwa na vichwa viwili. Cha kwanza kilikuwa umeme: tulikuwa na mtambo wetu wa maji kule bondeni, tusingoje huruma ya umeme wa serikali ambao wakati ule ulikuja na kwenda kama mgeni asiyeaga. Cha pili kilikuwa ulinzi: taa za ua, king'ora na askari wa zamu. Watu walidhani nimepewa kazi mbili, lakini kwangu ilikuwa moja. Umeme ukikatika, mafeni ya kunyausha majani husimama na chai inaharibika, king'ora kinakuwa bubu, na magunia ya chai kavu yanaota miguu.

Kilichotusumbua zaidi hakikuwa mwizi wala kiangazi. Ilikuwa takataka. Chai hupogolewa kila baada ya miaka michache, na matawi huachwa shambani yaoze yawe mbolea. Mvua kubwa ikinyesha huyakokota hadi kwenye mfereji unaopeleka maji mtamboni. Mwisho wa mfereji, mdomoni mwa bomba kubwa, kulikuwa na wavu wa vyuma vilivyosimama wima. Matawi yakijazana hapo, maji hupungua, mtambo unachoka, taa zinageuka rangi ya ndizi mbivu, halafu hakuna kitu.

Aliyesafisha wavu ule kwa reki alikuwa rafiki yangu. Kwao ni Kedowa, lakini alilelewa na shangazi yake aliyekuwa jirani yetu. Tulitahiriwa msimu mmoja na kukaa kibanda kimoja, na kwetu Wakipsigis watu wa namna hiyo huitana bakule, yaani rika mwenzangu. Bakule humchagui kama unavyochagua rafiki. Anakula kwa mama yako bila kuomba, anakutania mbele ya wakwe zako, na huna mahali pa kumshtaki. Mama yangu alimhesabu kuwa mwanawe, na alimkaripia kama mwanawe.

Masomo yake yaliishia darasa la saba. Kiwandani alikuwa kibarua, na alitaka kitu kimoja tu: karatasi ya kumwita fundi. Mtihani wa ufundi ulikuwa wazi hata kwa mtu ambaye hakusoma sana, mradi alete barua ya mhandisi wake inayoeleza kazi aliyoibuni na kuifanya kwa mikono yake. Akiupata ule ufundi, angeandikwa kazi ya kudumu. Zaidi ya hapo, alisema, watoto wake wangeandika "fundi" shuleni pale panapoulizwa kazi ya baba.

Asubuhi moja ya mvua nilimkuta mferejini, amelowa hadi kiunoni.

"Bakule," akasema, "reki hii imenichosha. Wewe ndiye mkubwa, hebu nipe akili."

"Nikikupa akili nitabaki na nini?"

"Utabaki na hiyo tai ya shingoni."

Tulicheka. Kisha akauegemea mpini wa reki akautazama wavu, kama anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Mama yangu kule Kedowa akipepeta wimbi," akasema, "umewahi kumwona akitoa makapi kwa mkono, moja moja? Anauinamisha ungo tu. Makapi yanajiendea. Sisi tumesimamisha wavu kama mlango wa jela, halafu tunashangaa umejaa. Tuulaze, bakule. Tusiizuie takataka. Tuionyeshe njia."

Nilisimama pale na tai yangu, mvua ikininyeshea, na nilijua papo hapo kwamba mtu huyu amesema jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza kwa miaka yote ile. Nilifurahi sana. Hilo naomba mniamini. Siku ile sikuwa na wivu hata chembe.

Alikwenda kwao akarudi na mianzi. Tuliipasua, tukaifunga kwa kamba ya katani, tukailaza juu ya mfereji kwa mteremko, ili maji yadondoke chini kati ya mianzi na matawi yateleze juu yake mpaka kwenye mtaro wa pembeni unaorudi mtoni. Jaribio la kwanza halikudumu hata muda wa kunywa chai. Maji yaliubeba wavu wote mzimamzima. Bakule akavua suruali ndefu, akaufukuza kando ya mfereji akiwa na kaptura tu, na wanawake waliokuwa wakichuma chai upande wa juu wakaacha kazi.

"Fundi! Samaki wako ametoroka!" mmoja akapiga kelele.

"Huyo si samaki, ni mke wangu wa pili!" akajibu akikimbia. "Mzuieni!"

Walicheka mpaka msimamizi wao akaja kuuliza kuna msiba gani.

Jaribio la pili liliteremka mno. Maji yaliruka juu ya mianzi pamoja na matawi, mtambo ukasimama, na simu ya pale mtamboni ikalia. Alikuwa mkubwa wa mashine kiwandani.

"Mnafanya nini huko chini?"

"Tunafundisha maji adabu," bakule akamjibu kabla sijamnyang'anya simu.

Nami sikukaa bure, nalisema bila kujisifu. Nilipima mwendo wa maji, nikachora, nikatafuta mteremko unaofaa, nikamwonyesha nafasi ya kuacha kati ya mwanzi na mwanzi. Alichukua mchoro wangu akaugeuza juu chini, akaugeuza tena. "Unasema kweli," akasema, "ila hapa kwenye kona maji hayatakutii." Hayakunitii. Tulifuata kona yake.

Jaribio la tatu tulilifanya mchana, baada ya mvua. Tulijaza matawi kwenye mkokoteni, tukayamwaga yote kwa pamoja mferejini. Yalikuja kama kundi la mbuzi wanaorudi nyumbani, yakapanda juu ya mianzi, yakateleza, yakaingia mtaroni na kwenda zake. Maji yakadondoka chini safi. Mtambo haukukohoa hata mara moja. Bakule akaketi ukingoni, akatoa mfukoni hindi la kuchoma lililokuwa limepoa, akalivunja katikati, akanipa nusu. Kisha akanikabidhi reki kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi ofisi.

"Nenda nayo nyumbani, bakule. Ukalimie viazi."

Baadaye tuliufanya wavu wa vyuma, na yeye ndiye aliyevikunja vyuma vile kwenye karakana. Msimu mzima wa mvua ukapita bila kiwanda kusimama na bila gunia moja kupotea. Wageni wakaanza kuja kutoka viwanda vingine, hata kutoka upande wa Bomet. Bakule aliwapokea mferejini, akawaeleza habari ya ungo wa mama yake, nao wakaandika kwenye madaftari yao.

Ndipo meneja akaniita ofisini. Kulikuwa na chama cha wahandisi Nairobi kilichotoa ngao kwa mhandisi kiongozi aliyefanya kazi bora katika umeme na ulinzi wa mitambo, na alitaka kupeleka jina.

"Huyu kibarua wako ana cheti gani?" akauliza.

"Hana, bwana."

"Ukimweka hapa watauliza kama kiwanda hiki kinaendeshwa na vibarua. Andika lako. Yeye utamshukuru huko nyumbani."

Niliandika. Jioni hiyohiyo nilimwambia bakule, maana sikutaka ayasikie kwa mtu mwingine. Alifikiri kidogo.

"Si neno. Ukishafika huko juu, utanivuta."

"Nitakuvuta," nikasema.

Aliniamini, akarudi kwenye stori aliyokuwa akinisimulia, ya mbuzi wa shangazi yake.

Barua ilipokuja kwamba ngao ni yangu, kiwanda kilitikisika. Wapishi wa kantini walipika chapati siku ambayo haikuwa ya chapati. Nilikwenda Nairobi na mke wangu. Suti niliazima kwa shemeji yangu mwalimu, mtu mfupi kuliko mimi, na mikono ya koti iliishia mbali na viganja vyangu.

"Usinyooshe mikono," mke wangu akaniambia mlangoni mwa ukumbi. "Hata wakikupa mtoto umbebe."

Niliikumbatia ngao kwa viwiko, kama kuku anayetaka kutoroka. Watu walisimama kunipigia makofi. Kulikuwa na wahandisi waliosoma ng'ambo, wenye miwani na mvi, nao walinipa mkono mmoja mmoja. Sitasema uongo kwamba sikufurahia. Nilimkumbuka marehemu baba, aliyeniambia kwamba waya hazilishi mtu.

Kisha mzee mmoja wa chama, mwenye sauti ya upole, akaniuliza mbele ya kipaza sauti, "Bwana mhandisi, wazo hili zuri ulilipata wapi?"

Pale palikuwa na mlango wazi wa kumtaja bakule, ningepita.

"Nilimwona mama yangu akipepeta wimbi," nikasema.

Makofi yaliyofuata yalizidi yale ya kwanza. Nilirudi kwenye kiti, na mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Tukiwa njiani kurudi akaniambia:

"Tangu unioe sijamwona mama yako akipepeta wimbi. Mama yako ni mtu wa mahindi."

"Ilikuwa namna ya kusema tu."

"Namna ya nani?"

Nikajifanya nimelala.

Jumamosi tulifanya sherehe nyumbani. Alikuja meneja na wazee wa kijiji, kwaya ya kanisa ikaja, na majirani wakatuletea maziwa ya mursik kwenye vibuyu. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walikuwepo pia, na yule aliyepiga kelele ya samaki aliigiza mbio za bakule mbele ya wageni, amekunja sketi, huku bakule mwenyewe akishika mbavu kwa kucheka. Kwaya ilitunga wimbo papo hapo kuhusu maji yanayojisafisha. Sijaona sherehe iliyochangamka namna ile, kabla wala baadaye.

Kwetu mtu aliyeshinda huvishwa shingoni sinendet, mmea unaotambaa ambao hukatwa msituni. Mama ndiye aliyekwenda kuukata, mzee kama alivyokuwa. Alikuja uani ameuning'iniza kwenye mkono, na nilipotazama nikaona ameukata mara mbili. Hakuwa ameuliza mtu. Alikuwa ametuona sisi wawili tukirudi na matope siku nyingi, akajua hesabu yake.

Alinivisha wa kwanza, akanitemea mate kidogo kifuani kwa baraka. Kisha akaweka wa pili mikononi mwangu, kwa sababu nyumbani kwetu aliyevishwa humvisha aliyebeba naye.

"Mvishe mwenzako," akasema.

Bakule alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na alikuwa ameanza kuinamisha shingo. Upande wangu mwingine alisimama meneja, yeye na fomu yake, yeye na maneno yake kuhusu vibarua. Nilifikiri: nikimvisha bakule, meneja atauliza maana yake, na wazee watamweleza. Ilikuwa muda wa pumzi moja tu. Niligeuka, nikamvisha meneja.

Vigelegele vilipaa. Meneja alifurahi sana, maskini, hakujua amevishwa nini. Bakule akainua shingo, akajikuna nyuma ya sikio, akapiga makofi pamoja na wengine. Mama hakunitazama. Alichukua kibuyu cha mursik, akapita mbele ya meneja na mbele ya wazee wote, akampa bakule anywe wa kwanza. Watu wakadhani macho yake yamechoka.

Jumatatu bakule alikuja ofisini kwangu. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikuja kwa ajili ya majani yale," akasema. "Majani hunyauka. Nimekuja kwa barua. Mtihani wa ufundi unakaribia. Niandikie kwamba wavu niliubuni mimi. Mistari miwili inanitosha."

"Bakule, nitakuandikia kwamba ulisaidia."

"Kusaidia hakunipeleki kwenye mtihani. Unajua."

"Na barua hiyo ikikutana na fomu yangu huko Nairobi? Watasema nini?"

Alitazama ngao niliyokuwa nimeisimamisha juu ya kabati. Aliitazama kwa muda, bila chuki, kama mtu anayesoma kibao cha njia.

"Kwa hiyo hata nikisema ukweli," akasema, "mwongo ni mimi."

Ningeweza kuvuta karatasi wakati ule. Karatasi ilikuwepo na wino ulikuwepo. Hofu yangu ilikuwa kupoteza makofi ya watu ambao sikuwajua hata majina.

Alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi, akausafisha wavu ambao haukuhitaji kusafishwa, akaaga watu wote mmoja mmoja, nami pia, kwa mkono. Akahamia Londiani kulima viazi.

Mimi nilipanda. Nilipata heshima nyingine mbili kabla ya miaka ya tisini kuisha, moja kwa taa na king'ora cha ua wetu, nyingine kwa kuwafunza mafundi. Kila nilipoitwa mbele, aliyesoma sifa zangu alianza na habari ya mhandisi aliyemwona mama yake akipepeta wimbi. Mke wangu aliacha kuhudhuria. Alisema suti zangu sasa zinanitosha, hakuna tena cha kuchekesha.

Nilikwenda Londiani mara moja. Bakule alinipokea vizuri. Alinikaribisha chai ya maziwa mazito, akanionyesha viazi vyake na ng'ombe wake wawili, akasimulia jinsi mmoja alivyomrusha mtaroni, tukacheka. Lakini aliniita "mhandisi" tangu nilipofika hadi nilipoondoka, na watoto wake walipouliza mimi ni nani, akawaambia ni mkubwa wa mahali alipowahi kufanya kazi. Nilikuwa nimeandika ile barua, iko mfukoni mwa koti, imechelewa miaka. Nilimpa. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Lakini sasa mimi ni mkulima."

Alifariki miaka mingi baadaye. Kwenye mazishi kule Londiani, rika lake ndilo linalopaswa kusimama karibu na familia na kumsemea. Niliketi chini ya turubai pamoja na wageni, na hakuna aliyekuja kunichukua, kwa sababu hakuna pale aliyejua kwamba nilikuwa rika lake. Sikusimama kujitaja.

Nina ngao tatu. Watu husema nilifanikiwa, na katika kazi ni kweli. Lakini jina lile moja nililoandika lilimnyima bakule wangu ufundi wake maisha yake yote, nami nilimpoteza yeye, na sikupata tena mtu mwingine wa kunitania.